Telehendla: mwongozo kamili wa kupandisha mzigo mzito na kuutua juu bila ajali

Kwenye saiti nyingi hutasikia mtu akiiita telehendla. Wataiita Manitou hata kama ubavuni imeandikwa JCB au Merlo, maana jina la Manitou, kampuni ya Ufaransa, limeenea mpaka likawa jina la mashine yenyewe. JCB ya Uingereza ilitoa Loadall yake ya kwanza mwaka 1977, na umbo la mashine hizi kwa kawaida ni hili: matairi manne makubwa, kibanda cha opereta upande wa kushoto, na bumu, yaani mkono mrefu wa chuma ulioshikiliwa kwa nyuma, unaopita ubavuni mwa kibanda na kurefuka mbele kama antena ya redio. Kwenye ncha ya bumu kuna uma wa meno mawili.

Uma huo ndio unaowapoteza watu. Aliyezoea fokolifti ya ghalani anaona meno, anaona paleti (kile kitako cha mbao kinachopangiwa mzigo), anapanda. Lakini fokolifti ya kawaida mlingoti wake unapanda na kushuka wima palepale ilipo. Bumu la telehendla linapanda, linashuka, na pia linakwenda mbele. Kwa hiyo mashine hii haina kipimo kimoja cha uzito. Ile tani 3.5 au tani 4 iliyoandikwa ubavuni ni kwa bumu lililovutwa ndani kabisa. Juu na mbele, mashine hiyohiyo inaweza kushindwa na mzigo ambao chini iliubeba bila hata kuunguruma.

Umbali ndio uzito

Mfikirie muuza maji anayebeba kwa mzega. Ufito uko begani, ndoo moja mbele, nyingine nyuma. Kwenye telehendla, bega ni matairi ya mbele. Ndoo ya nyuma ni injini, chesisi na chuma kizito kilichofungwa kiwandani kwa makusudi. Ndoo ya mbele ni mzigo wako. Sasa isogeze ile ndoo ya mbele kuelekea ncha ya ufito bila kuongeza hata tone la maji. Mzega unalala mbele.

Kwa hesabu: tani 2 zikiwa mita 2 mbele ya matairi zinavuta kwa nguvu ya tani-mita 4. Tani 2 hizohizo zikiwa mita 6 mbele zinavuta kwa tani-mita 12. Mzigo ni uleule, nguvu ya kuipindua mashine imekuwa mara tatu.

Hilo wengi hulielewa haraka. Lisiloonekana kwa urahisi ni hili: kushusha bumu nako kunapeleka mzigo mbele, hata usipogusa swichi ya kurefusha. Bumu la mita 12 likiwa limesimama kwa nyuzi 60, ncha yake iko mita 6 mbele ya pini inayolishikilia. Lishushe hadi nyuzi 45, ncha imefika mita 8.5. Lishushe hadi nyuzi 30, imefika mita 10.4. Ulidhani unarudisha mzigo chini penye usalama, kumbe ulikuwa unausukuma mbali. Naomba ulishike hilo, maana hatua zote zinazofuata zinalizunguka.

Kabla ya kuwasha

Izunguke mashine kwa miguu. Tazama matairi yote manne. Tairi la mbele lililopungua upepo huoni athari yake ukiwa chini, lakini juu linageuka mwinamo. Tazama mipira ya haidroliki na pini za bumu. Ukiona mafuta yamelowa usiutafute uvujaji kwa kiganja, maana mafuta yenye presha hupenya ngozi na kuingia mwilini. Pitisha kipande cha katoni.

Kagua meno ya uma pale kisiginoni, mahali yanapopinda kutoka wima kuwa ya kulala. Hapo ndipo yanapolika kwa kuburuzwa chini. Unene ukipungua kwa asilimia 10, jino hilo ni la kutolewa kazini. Usilichomelee.

Kisha kaa kitini, funga mkanda, utazame upande wako wa kulia. Bumu likiwa chini linaziba sehemu kubwa ya upande huo kuelekea nyuma. Mtu mzima anaweza kusimama hapo usimwone kabisa. Safisha kioo cha kulia na kukipanga kila asubuhi, na hakikisha honi na kengele ya kurudi nyuma vinalia. Hapa sina mzaha: kabla ya kugeuza mashine, jua kila mtu yuko wapi.

Kama mashine ni ya kukodi, omba kuona karatasi za ukaguzi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inayosimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, na Kenya ina yake ya 2007. Anayekodisha mtambo wa kuinulia akakosa karatasi, mwache aende nao.

Ujue uzito, usiukisie

Macho hayapimi uzito. Mifuko ya saruji ni rahisi: mifuko 40 ya kilo 50 ni kilo 2,000. Lakini paleti yenyewe ya mbao ina kilo 20 mpaka 30, nayo inahesabiwa.

Nondo zina hesabu yake ambayo kila fundi chuma anapaswa kuijua: chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita moja. Nondo ya milimita 12: 144 gawa kwa 162 ni takriban kilo 0.89. Ya urefu wa mita 12 inakuwa kilo 10.7, na mia moja ni zaidi kidogo ya tani moja. Nondo ya milimita 16 ya urefu huohuo inakaribia kilo 19. Kwa macho mafungu mawili ya nondo mia mia yanakaribiana, kwa mizani moja linakaribia kuwa mara mbili ya jingine.

Maji ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, zege lililoganda ni kama 2,400, chuma ni 7,850. Tofali za saiti zinatofautiana kufuatana na aliyezifyatua, basi pima tatu kwa mizani, chukua iliyo nzito, zidisha kwa idadi. Mchanga ulionyeshewa usiku si ule uliouinua jana.

Kusoma chati ya mizigo

Chati imebandikwa ndani ya kibanda au imo kwenye kitabu cha mashine. Kama imefutika, kazi ya juu isubiri hadi ipatikane ya modeli hiyo hasa. Kila kifaa kinachofungwa mbele, uma, ndoano, ndoo, kina chati yake. Mashine zenye jeki za mbele, yaani miguu ya chuma inayoshushwa kuishikilia mashine ardhini, huwa na chati mbili: jeki zikiwa chini, na mashine ikiwa juu ya matairi. Tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa, na kosa la kusoma ile isiyo yako hutokea zaidi ya unavyodhani.

Upande wa wima unasoma urefu wa kwenda juu. Upande wa chini unasoma umbali wa kwenda mbele, ambao kwa kawaida hupimwa kuanzia mbele ya matairi ya mbele. Mistari inapokutana kuna eneo lenye namba: huo ndio uzito wa mwisho. Ukiangukia mpakani mwa maeneo mawili, chukua namba ndogo.

Tuchukue mfano. Unapeleka saruji kwenye slabu iliyo mita 9 juu. Kuna jukwaa la mafundi na mtaro ukutani, kwa hiyo matairi hayawezi kukaribia chini ya mita 3.5. Paleti inatakiwa ikae mita 1.5 ndani ya ukingo. Jumla ni mita 5. Tuseme chati yako, kwa urefu huo, inasema kilo 2,000 kwa mita 5 na kilo 1,500 kwa mita 6. Mifuko 40 na paleti ni kama kilo 2,025. Hiyo haiendi. Usiseme ni kilo 25 tu. Toa mifuko 10, panda na 30, rudi mara ya pili. Dakika chache za ziada hazimuumizi mtu.

Angalia pia chati inadhani katikati ya mzigo iko wapi. Kuna watengenezaji wanaohesabu milimita 500 kutoka kisiginoni mwa uma, kuna wanaohesabu 600. Ukibeba mbao ndefu au kreti pana ambayo uzito wake umekaa mbele zaidi ya hapo, namba ya chati si yako tena, na kiasi unachoweza kubeba kimepungua.

Mahali pa kusimama

Telehendla nyingi ekseli yake ya nyuma inacheza kwenye pini ya katikati ili matairi yafuate mabonde. Kwa hiyo ingawa ina matairi manne, uthabiti wake ni wa pembetatu: tairi mbili za mbele, na ile pini ya katikati nyuma. Pembetatu ni nyembamba kuliko mraba unaouona kwa macho.

Shika tepu ufanye hesabu hii pamoja nami. Kati ya tairi la kushoto na la kulia pana kama mita 2. Tairi moja likizama sentimita 10 kwenye udongo laini, mzigo ulio mita 10 juu umekwenda pembeni nusu mita nzima. Sentimita 10! Ni upana wa kiganja. Ndiyo maana pimamaji iliyo kibandani ina kazi kubwa kuliko taa zote zilizo mbele yako. Isawazishe mashine bumu likiwa chini na limevutwa ndani, povu likae katikati. Mashine ikiwa na swichi ya kuinamisha fremu, usiiguse kamwe mzigo ukiwa juu. Mwinamo ukiuona wakati mzigo umeshapanda, vuta ndani, shusha, ndipo usawazishe.

Uliza wenyeji wa saiti kilichoko chini ya ardhi: karo, shimo la choo la zamani, bomba, kifusi kipya kisichoshindiliwa. Karibu na mtaro, kaa mbali na ukingo angalau kwa umbali ulio sawa na kina cha mtaro. Mtaro wa mita 2, kaa mita 2 au zaidi. Chini ya jeki weka mbao nene au bamba la chuma, si vipande vya tofali, maana vinapasuka ghafla.

Kubeba na kwenda

Panua meno kadiri paleti inavyoruhusu, yaingize mpaka kisigino kiguse mzigo. Inua sentimita 10 au 15, simama. Tazama kama mzigo umelala upande. Mwinamo ukiwepo, shusha uchukue upya. Ukiwa sawa, inamisha uma nyuma kidogo ili mzigo uegemee.

Kisha nenda na bumu lililovutwa ndani kabisa, mzigo ukiwa chini kadiri ardhi inavyoruhusu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye mteremko, mzigo unakaa upande wa juu: unapopanda nenda mbele, unaposhuka rudi kinyumenyume. Usikate mlima kiubavu. Kuendesha mashine huku mzigo uko hewani ili kuokoa muda ni mchezo wa kupoteza maisha, hata kwa mita mbili.

Kupandisha na kutua

Simamisha mashine ikitazama moja kwa moja pale mzigo unapokwenda. Bumu halikutengenezwa kuvuta kiubavu. Breki ya mkono, gia kati, jeki chini, pimamaji. Mtoa ishara awe mmoja, asimame unapomwona, na ukimpoteza machoni simamisha kila kitu. Chini ya bumu asipite mtu, na huko juu mafundi wasimame kando, si mbele ya mzigo.

Sasa pandisha bumu likiwa fupi. Pandisha kwanza, mpaka mzigo uko juu ya usawa wa slabu. Ndipo urefushe polepole. Angalia jinsi mzigo unavyozidi kupanda kadiri unavyorefusha, kwa sababu bumu linakwenda mbele na juu kwa pamoja. Kwa hiyo kurefusha kunaambatana na kushusha kidogokidogo ili paleti iende kwa mstari ulionyooka. Mkono mlaini. Ukiachia levya, yaani mpini wa kuendeshea bumu, kwa ghafla mzigo unapiga hewani, na bumu refu linakuza mpigo huo.

Paleti ikiwa juu ya mahali pake, sawazisha uma, shusha sentimita chache kwa wakati. Slabu ikianza kubeba, utaona bumu linajinyoosha, maana lilikuwa limepinda kwa uzito. Subiri litulie. Usikimbilie kutoa meno.

Kutoa meno ndiko kunakowashinda opereta wapya. Wanarudisha mashine nyuma, nayo mashine inayotembea huku bumu liko mita 9 juu ndiyo hatuitaki. Toa kwa kuvuta bumu ndani. Lakini bumu lililoinama likivutwa, ncha yake inashuka, na meno yanaikandamiza au kuiburuza paleti uliyoitua vizuri. Hivyo vuta ndani huku ukipandisha kwa wakati mmoja, kidogo kwa kidogo, meno yabaki yakielea katikati ya uwazi wa paleti. Jizoeze chini na paleti tupu mpaka mikono ijue bila wewe kufikiri. Mimi ilinichukua wiki nzima, na kila saa ya wiki hiyo imenilipa.

King'ora kikilia

Mwaka wangu wa kwanza kwenye mashine hii nilipewa paleti ya saruji kwenda ghorofa ya pili. Nilirefusha kupita kiasi. Taa nyekundu, king'ora, halafu hisia ambayo sijaisahau: kiti kinakuwa chepesi, kama lifti inapoanza kushuka. Matairi ya nyuma yalikuwa yanaacha ardhi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye levya ya kushusha. Mzee aliyekuwa akinifundisha alikuwa amesimama kushoto kwangu, akapiga kelele, "Vuta! Vuta ndani! Usishushe!" Nikavuta. Matairi yakarudi chini kwa kishindo. Baadaye alinichorea bumu kwenye vumbi kwa kijiti, nyuzi 60, 45, 30, akanionyesha ncha inavyokimbia mbele.

Mwili wa binadamu ukiogopa urefu unataka kurudi chini. Ndiyo maana hatua hii haitoshi kuisoma, lazima izoewe: vuta ndani kwanza, mpaka mwisho, ndipo ushushe. Mashine za kisasa husaidia kwa kufunga miendo inayoongeza hatari na kuacha wazi ile ya kuvuta ndani. Usizime mfumo huo, na usikubali kupanda mashine ambayo mtu ameuchomoa waya. Hata ukiwa mzima, kifaa hicho kinapima kuanguka kwa mbele. Kuanguka kiubavu hakikuambii, hiyo ni kazi ya pimamaji na macho yako.

Ikitokea inapinduka kweli, usiruke. Kibanda kimejengwa kuhimili, na wanaoruka hulaliwa na chuma hichohicho. Baki na mkanda, shika usukani kwa nguvu, kanyaga sakafu, egemea upande ulio kinyume na unakoangukia.

Mizigo ya kuning'inia, watu, na umeme

Kenchi, nguzo na matangi mara nyingi huning'inizwa. Tumia kifaa cha ndoano chenye chati yake. Mkanda uliozungushwa kwenye jino la uma unateleza, na ukiteleza kuelekea nchani umebadilisha umbali bila ridhaa yako. Funga kamba ya kuongozea, anayeishika asimame mbali na chini ya mzigo. Bati na mbao pana hugeuka tanga upepo ukija, kwa hiyo siku ya upepo ziache chini.

Mtu hapandishwi juu ya meno wala juu ya paleti, hata kwa dakika moja ya kufungua boliti. Kuna vikapu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo na mashine zilizoidhinishwa kuvibeba, nje ya hapo leta ngazi au jukwaa.

Waya za mitaani za kilovolti 11 na 33 nyingi hazina ganda, na umeme unaweza kuruka kabla chuma hakijagusa. Kanuni ya Marekani inataka angalau mita 3 kwa waya za hadi kilovolti 50. Hicho ni kiwango cha chini kabisa; panga kazi ili hata bumu likirefuka lote lisikaribie, na pasipowezekana liombe shirika la umeme lizime njia. Bumu likigusa, baki kibandani, piga kelele watu wakae mbali, jaribu kulitoa ikiwa linatoka. Ukilazimika kushuka kwa sababu ya moto, ruka miguu ikiwa pamoja, usiguse mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa kurukaruka miguu imebanana.

Kuegesha

Vuta bumu lote ndani, lishushe, laza meno chini kabisa yaguse ardhi ili mtoto au mlinzi asijikwae usiku. Inua jeki, egesha pakavu palipo sawa, gia kati, breki ya mkono, zima. Andika kwenye daftari la mashine chochote ulichokisikia siku nzima: mlio mpya kwenye bumu, levya iliyokwama, king'ora kilicholia bila sababu. Ondoka na ufunguo.